Fungate ya Visiwani: Bahari Kwanza, Hoteli Baadaye

Neno fungate, ambalo siku hizi hutumika kwa mapumziko ya maharusi popote yanapofanyika, lilikuwa na maana finyu zaidi katika Kiswahili cha zamani. Lilitaja siku 7 zinazofuata harusi, ambazo maharusi walikaa ndani bila kugusa kazi huku wakiletewa chakula kilichopikwa kwa upande wa bibi harusi, na asili yake inaonekana katika mfungate, jina la kale la namba saba ambalo lingali likisikika katika baadhi ya lugha zilizo jamaa na Kiswahili. Maana hiyo inafaa kukumbukwa kila wanandoa wanapoanza kuulizia hoteli za visiwani, kwa sababu inaeleza barabara kitu kinachotafutwa: watu wawili huondolewa shughuli zote, hupewa faragha, na mzigo wa kupika, kufua na kuteka maji hubebwa na wengine. Hoteli ya kifahari, yakiondolewa mapambo yake na bei yake, inauza jambo hilohilo, ila huliongezea bahari.

Kwa wanandoa wa Msimbu na kata nyingine za Kisarawe, au wa Kibaha upande wa kaskazini, bahari hiyo haiko mbali. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko kwenye barabara ileile inayotoka Kisarawe kupitia Pugu na Gongo la Mboto, kabla hata msafiri hajaingia katikati ya jiji. Boti za mwendo kasi kutoka bandari ya Dar es Salaam hufika Unguja kwa muda wa saa 2 hivi. Na Mkoa wa Pwani wenyewe, ambao makao makuu yake ni Kibaha, una wilaya nzima iliyo baharini, yaani Mafia. Hata hivyo uchaguzi hufanywa mara nyingi kana kwamba visiwa hivi ni nchi ya kigeni: hutazamwa picha kwenye simu, hulinganishwa mabwawa ya kuogelea na maua yaliyotawanywa juu ya vitanda, huhesabiwa nyota, kisha pesa hutumwa. Picha hizo hufanana mno, kwa kuwa hupigwa maji yakiwa yamejaa, jua likiwa limewaka na ufukwe ukiwa mtupu, na kwa hiyo hazimsaidii mtu kuchagua. Kinachotenganisha hoteli moja na nyingine zaidi ya kitu kingine chochote ni bahari iliyo mbele yake, na elimu ya bahari hiyo imo tayari ndani ya msamiati wa wavuvi na mabaharia, katika maneno kama bamvua, maji mafu, kusi na kaskazi, ambayo matangazo ya hoteli hayayatumii kabisa.

Nyota zenyewe zinahitaji maelezo kidogo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli katika madaraja, kuanzia nyota 1 hadi nyota 5, na wakaguzi huangalia mambo yanayoweza kupimwa: vyumba, jiko, usafi, usalama wa moto, aina za huduma na saa zinazotolewa. Vigezo hivyo vina manufaa yake, kwa kuwa vinamhakikishia mgeni kwamba kitanda na maji ya moto vitakuwepo, lakini havisemi lolote kuhusu umbali ambao bahari huondoka inapokupwa, upepo unaopiga chumbani mwezi wa Julai, wala kelele za muziki wa jirani. Isitoshe, baadhi ya maeneo ya gharama kubwa kabisa katika visiwa hivi ni nyumba chache za makuti na mbao, zisizo na lifti wala ukumbi wa marumaru, ambazo mtu akizipima kwa mapambo peke yake atashangaa wanaozilipia wanalipia nini.

Jambo la kwanza la kuuliza, basi, ni maji. Bahari ya mwambao wa Afrika Mashariki hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa sababu ya mvuto wa mwezi na jua, na kati ya kujaa kumoja na kunakofuata hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana nyakati za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa mwezi na wa jua huungana na kuleta bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya hali hizo mbili katika mlango wa Zanzibar huweza kukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Kimo cha mita 4 hakimsumbui mtu aliyesimama kwenye gati la kina kirefu, lakini kwenye ufukwe ulio bapa kimo hichohicho hugeuka kuwa umbali mrefu wa kutembea.

Ufukwe bapa ndio ulio upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani. Huko mwamba wa matumbawe, yaani ukuta wa mawe uliojengwa na viumbe wadogo wa baharini kwa maelfu ya miaka, umekaa mbali na nchi kavu, na kati yake na mchanga pana uwanda wa maji machache. Maji yakijaa, uwanda huo huwa bahari ya buluu isiyo na mawimbi makubwa. Yakipwa wakati wa bamvua, bahari huondoka kabisa, pengine kwa kilomita moja au zaidi, na kuacha mchanga mtupu, majani ya bahari na vidimbwi. Upande wa kaskazini, Nungwi na hasa Kendwa, sakafu ya bahari huteremka mapema zaidi, hivyo mtu anaweza kuogelea karibu saa yoyote ya mchana, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya hoteli kusongamana huko na bei za ardhi na vyumba kupanda.

Hapa pana jambo ambalo wavuvi wanalijua kwa mazoea na ambalo lingepaswa kuandikwa kwenye kila karatasi ya hoteli. Katika siku za bamvua, Unguja na mwambao wake, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Katika siku za maji mafu, mambo hugeuka, yaani maji huwa juu katikati ya asubuhi na huwa chini, ingawa kwa kiasi kidogo, alasiri. Kwa hiyo wanandoa wanaochukua chumba Jambiani siku 1 au 2 baada ya mwezi mwandamo watamaliza kifungua kinywa wakakuta bahari imekwenda, nao watairudia jioni, ilhali wangekwenda wiki moja baadaye wangeikuta mlangoni. Kalenda ya miezi ya Kiislamu, ambayo iko ukutani katika nyumba nyingi za Pwani na ambayo mara nyingi ndiyo iliyotumiwa kupanga harusi yenyewe, inatosha kufanya hesabu hii: tarehe za mwanzo wa mwezi na za katikati ni za bamvua, tarehe 7 au 8 na 22 au 23 zinakaribia maji mafu. Hakuna zana ya bei nafuu zaidi ya hiyo ya kupanga fungate.

Kupwa kwa maji, hata hivyo, kusichukuliwe na kila mtu kuwa kasoro. Watu wengi wa Kisarawe na Kibaha, ingawa mkoa wao unaitwa Pwani, wamekulia kwenye vilima, mashamba ya mihogo na mikorosho, na hawajui kuogelea, nao huwa wanaona haya kulisema hilo mapokezi. Kwa mtu wa namna hiyo, uwanda wa Paje au Bwejuu maji yakipwa ni neema: anaweza kutembea mbali baharini maji yakiwa chini ya magoti, akavaa viatu vya mpira ili asichomwe na viumbe wenye miiba, akaona samaki wadogo kwenye vidimbwi, akarudi kabla maji hayajageuka. Huko pia atawakuta wanawake wa vijiji hivyo wakifanya kazi katika mashamba ya mwani, mmea wa baharini unaofungwa kwenye kamba zilizokazwa kwa vijiti, ambao kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambao hutumika viwandani kutengeneza sabuni, vipodozi na viungio vya chakula. Saa nne asubuhi ya bamvua, ambayo kwa mgeni asiyeelezwa ni saa ya kununa, kwao ndiyo saa ya kazi. Mwenzi mmoja akiwa muogeleaji na mwingine si muogeleaji, kama inavyotokea mara nyingi, ufukwe wa mashariki huwapa wote wawili kitu, mradi wajue saa.

Baada ya maji huja upepo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, ukileta joto na bahari ya buluu angavu. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, ukileta ubaridi na nguvu. Baina yao kuna tangambili, kipindi ambacho upepo haujashika upande mmoja, na ndani ya vipindi hivyo huangukia mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba. Kusi hupiga upande wa mashariki na kusini-mashariki moja kwa moja, na ndiyo maana Paje imekuwa kituo cha mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara kubwa; anayetaka kula chakula cha jioni mezani ufukweni bila mshumaa kuzimika afadhali aende upande wa magharibi miezi hiyo. Upande nao huamua jua. Hoteli za mashariki huona jua likichomoza, na tangazo lolote la ufukwe wa Paje linaloahidi machweo ya baharini linaahidi kisichowezekana, ila kwenye rasi ya Michamvi, ambapo kijiji cha Kae kimegeukia Ghuba ya Chwaka na kwa hiyo hutazama magharibi. Kendwa huona machweo mazuri kuliko sehemu nyingi, lakini ina pia sifa ya sherehe za muziki za usiku wa mwezi mpevu, jambo ambalo wanandoa vijana huenda wakalifuata na wengine wakalikimbia.

Ikishajulikana bahari inayotakiwa, ndipo inapofaa kuulizwa ufahari wa namna gani unatafutwa, maana neno kifahari linabeba mambo mawili ambayo hukaa pamoja kwa nadra. Upo ufahari wa vitu, ambao ni wingi: migahawa kadhaa, mabwawa makubwa, chumba cha kukandwa mwili, wahudumu wengi, burudani kila usiku. Upo pia ufahari wa uhaba, ambao mgeni hulipa ili watu wengine wasiwepo. Hoteli kubwa za Kiwengwa na Nungwi zimejengwa juu ya ule wa kwanza. Mnemba, kisiwa kidogo kilichoko mbele ya Matemwe, kimejengwa juu ya ule wa pili: kina mabanda 12 tu ya kulala wageni, miamba yake ni maarufu kwa kuzamia, kasa hupanda ufukweni kutaga mayai, na bei yake huzidi dola 1,000 za Marekani kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mbali zaidi kwenye njia hiyohiyo ni Shungimbili, kisiwa kidogo karibu na Mafia ambacho tangu 2016 hukodishwa kizima, nyumba moja na ufukwe wake wote, kwa kundi moja la wageni kwa wakati.

Ramani ya utalii duniani ina kielelezo cha ufahari huu wa uhaba katika Maldivi, ambako tangu hoteli za kwanza zilipofunguliwa mwaka 1972 ulijengeka utaratibu wa kisiwa kimoja hoteli moja, wageni wakiwekwa katika visiwa visivyo na wakazi. Visiwa vya Waswahili havikuwa na nafasi ya utaratibu huo, kwa kuwa karibu kila ufukwe mzuri tayari ulikuwa na kijiji, msikiti, makaburi na mitumbwi, na hoteli zilijibanza katikati. Tofauti hiyo ni ya thamani kwa wanandoa wa Kitanzania, ambao wanaweza kutoka nje ya lango la hoteli wakasalimiana na watu kwa lugha yao, wakanunua pweza kwa bei ya kijijini, na wakaswali Ijumaa pamoja na wenyeji, mambo ambayo mgeni wa mbali huyanunua kama ziara. Inawataka pia wavae kwa staha wanapopita kijijini, na katika mwezi wa Ramadhani wale na kunywa mchana ndani ya hoteli peke yake. Papasi, kama wanavyoitwa Unguja vijana wanaowafuata wageni wakiwauzia safari na vinyago, huwapo pwani nyingi, lakini jibu la Kiswahili fasaha na la upole huwamaliza haraka.

Kati ya hoteli zenye faragha bila kisiwa kizima, zipo zinazojibu haja mahususi za wanandoa wa huku. Mwanamke anayejisitiri, ambaye hawezi kuogelea mbele ya macho ya watu, hana faida na bwawa la mita 50 lililozungukwa na vitanda vya jua. Kwake bwawa dogo lililo ndani ya uzio wa nyumba yao ni bora mara kumi, na hoteli kama The Residence, iliyoko Kizimkazi kusini mwa Unguja, imejengwa hivyo kwa kila nyumba. Baraza, iliyoko Bwejuu, imefuata ujenzi wa matao na nakshi za enzi ya masultani. Wasiopenda pwani peke yake wanaweza kulala Mji Mkongwe, uliotangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, katika hoteli zilizowekwa ndani ya majumba ya zamani kama Mambo Msiige, na kisha wakamalizia siku mbili ufukweni. Suala la pombe na la nyama halali liulizwe waziwazi kwa simu, kwani hoteli zinatofautiana sana na hakuna aibu katika kuuliza.

Chumbe inastahili maelezo yake peke yake, kwa kuwa inakwenda kinyume na fikra ya kawaida ya ufahari. Kisiwa hicho, kilichoko kusini mwa Mji wa Zanzibar, kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na mwamba wake wa magharibi ulitangazwa hifadhi mwaka 1994 chini ya usimamizi wa kampuni binafsi isiyolenga kugawana faida. Wageni hulala katika nyumba 7 za makuti ambazo hukinga maji ya mvua kwa mapaa yake na kuyahifadhi chini ya sakafu, hupata umeme wa jua, na hutumia vyoo vya mboji visivyotumia maji. Uvuvi hauruhusiwi mwambani, na wageni huogelea juujuu kwa miwani na mrija badala ya kuzamia kwa mitungi. Msituni anaishi paa nunga, swala mdogo aliyebaki katika sehemu chache sana duniani, na usiku hutoka kaa mnazi, kaa mkubwa wa nchi kavu kuliko wote. Pesa za malazi huendesha hifadhi na ziara za mafunzo za wanafunzi wa Zanzibar. Wanandoa wanaopima ufahari kwa kiyoyozi wasiende. Wanaotaka kulala ukimya ukiwa umewazunguka watapata pale kitu ambacho marumaru haikitoi.

Pemba, kisiwa chenye vilima na mikarafuu, ina hoteli chache na umbali zaidi. Kwenye ncha yake ya kaskazini-magharibi, Makangale, hoteli ya Manta ilifungua mwaka 2013 chumba kinachoelea baharini, kilichobuniwa na Msweden Mikael Genberg, ambacho chumba chake cha kulala kiko chini ya maji na kina madirisha pande zote, hata samaki huwatazama waliolala. Ni jambo la usiku mmoja, kwa bei na kwa moyo pia, maana si kila mtu anayeweza kulala usingizi ndani ya sanduku la kioo mita kadhaa chini ya bahari, na mwenzi mwenye hofu ya maji asiburutwe huko kwa ajili ya picha.

Kuhusu pesa, kosa la kawaida ni kulinganisha bei zisizolingana. Hoteli moja hutaja bei ya chumba na kifungua kinywa tu, nyingine hujumlisha chakula cha usiku, nyingine milo yote mitatu, na nyingine hutumia utaratibu wa vyote ndani, unaojumuisha vinywaji na baadhi ya michezo. Ukichukuliwa mfano wa kukisia tu, chumba cha shilingi 250,000 kwa usiku chenye kifungua kinywa peke yake, katika ufukwe usio na mgahawa jirani, kitawadai wanandoa milo 2 zaidi kwa bei za hoteli, na nauli ya gari kutoka bandarini kwenda na kurudi, hivi kwamba chumba cha shilingi 380,000 chenye vyote ndani huenda kikawa nafuu. Katika kijiji kama Jambiani, ambako vibanda vya chakula vipo, hesabu hugeuka. Yaulizwe pia mambo ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa: kama kodi ya ongezeko la thamani imo ndani ya bei, kama kuna tozo zinazohesabiwa kwa mtu kwa usiku na kulipwa mapokezi, na amana hurudishwa kwa masharti gani harusi ikiahirishwa. Mwenzi aliye raia wa nchi nyingine akumbuke kwamba tangu Oktoba 1, 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya safari ya dola 44.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo linauma kulikosa, ni bei ya wakazi. Hoteli nyingi za kifahari huwa na orodha mbili za bei, moja ya wageni wa nje na nyingine, iliyo chini kwa kiasi kikubwa, ya raia na wakazi wenye vibali, lakini orodha ya pili haitangazwi kwa sauti na mitandao ya kuuzia vyumba huonyesha ile ya kwanza. Wanandoa wapige simu hotelini moja kwa moja, waulize bei ya wakazi, na wachukue vitambulisho vyao vya taifa. Miezi ya masika bei hushuka zaidi, ingawa baadhi ya hoteli ndogo za Mafia na Pemba hufungwa kabisa Aprili na Mei kwa matengenezo. Familia za Kisarawe ambazo harusi zao hungoja mauzo ya korosho hujikuta zikisafiri mwishoni mwa mwaka, na hapo inafaa kuoa na kusafiri kabla ya wiki ya Krismasi, kwa kuwa kuanzia wiki hiyo hadi baada ya Mwaka Mpya bei hufika kilele.

Msimu huohuo ndio unaoirudisha Mafia katika hesabu, na hapa ndipo uchaguzi wa mtu wa Msimbu unapotofautiana na wa mtu wa London au Milano, ambaye jina la Zanzibar pekee ndilo lililomfikia. Mafia ilitengana na Zanzibar kisiasa mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana maeneo: Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza, Mafia ikaangukia upande wa Wajerumani pamoja na bara, na kwa njia hiyo kisiwa kilichokuwa cha sultani kikaja kuwa wilaya ya Mkoa wa Pwani. Matokeo yake kwa msafiri ni kwamba utalii mkubwa ulioifunika Unguja haukuigusa Mafia kwa nguvu. Mwaka 1995 sehemu ya kusini na mashariki ya kisiwa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini Tanzania, ikiwa na vijiji ndani yake, na wageni hulipa ada ya kuingia ambayo kwa raia ni ndogo sana kuliko kwa mgeni.

Hoteli nyingi za Mafia zenye hadhi ziko Utende, kwenye Ghuba ya Chole, nazo ni ndogo, za nyumba chache chini ya minazi. Haifai kuficha udhaifu wao: sehemu kubwa ya ufukwe huo ina mikoko na matope, mchanga mweupe wa kutembea maili nzima haupo pale, na anayeutaka lazima apelekwe kwa boti kwenye mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yakipwa. Kilichoko badala yake ni miamba ya matumbawe iliyo hai na, upande wa Kilindoni, papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huweza kuzidi urefu wa mita 10, lakini hula viumbe wadogo sana anaowachuja majini na hana madhara kwa mwanadamu. Hukaribia pwani ya magharibi ya Mafia kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, na wageni huingia majini kuogelea kando yake bila kumgusa. Asiyejua kuogelea humwona kutoka botini, kwa kuwa hula karibu na uso wa maji. Kwenye kisiwa jirani cha Juani kuna magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na katikati ya mwaka mayai ya kasa hutotolewa kwenye fukwe zake.

Safari ya Mafia ina njia mbili. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua nusu saa au zaidi kidogo, na kwa kawaida huruhusu kilo 15 za mizigo katika begi laini, kiasi ambacho bibi harusi aambiwe mapema. Njia ya pili ni barabara ya kusini kupitia Mkuranga hadi Bungu, kisha kuchepuka kwenda bandari ya Nyamisati wilayani Kibiti, ambako kivuko na boti huvuka hadi Kilindoni. Ni nafuu mno, lakini hutawaliwa na ratiba, maji na upepo, na wakati wa kusi mlango wa Mafia huchafuka. Kwa fungate ya siku 7, nafuu ya wastani ni kwenda kwa ndege na kurudi kwa maji, wakati haraka imekwisha na mizigo imepungua.

Chole, kisiwa kidogo kinachoikabili Utende, kina jina linalobebwa pia na kata mojawapo ya Kisarawe. Hoteli yake maarufu ilijengwa kwa vyumba vilivyopandishwa juu ya miti, karibu na magofu ya utawala wa Wajerumani yaliyofunikwa na mizizi ya miti, na mafundi wa kisiwa hicho wana sifa ya kuunda mashua kwa misumeno na tezo za mkono. Kuvuka kutoka Utende ni dakika chache tu, ila katika bamvua mashua haiwezi kufika mchangani saa nne asubuhi, na abiria hukunja nguo na kuifuata majini. Jioni, maji yakiwa yamerudi, popo wakubwa wanaolala katika miti ya Chole huamka na kuvuka ghuba kwenda kutafuta matunda upande wa kisiwa kikuu, wakipita juu ya paa za hoteli.